Kabla Uongeze Straika wa Nne, Sikiza Hii Historia

Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa kwa historia ya mpira ilichezwa Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872. Uskoti dhidi ya Uingereza, kwa uwanja wa kriketi. Waingereza walipanga washambuliaji saba, wengine wanasema nane. Waskoti walipanga sita. Piga hesabu: zaidi ya nusu ya watu uwanjani kazi yao ilikuwa kwenda mbele tu. Matokeo? Nunge kwa nunge.

Hiyo mechi muiweke akilini, wasee, juu kosa la 1872 ndo naliona kila siku kwa watu wanaocheza Football Manager. Timu imekaa mechi tatu bila bao. Msee anafanya nini? Anatoa kiungo, anaingiza straika. Anasukuma mabeki wote wawili wa pembeni juu. Anapeleka timu nzima kwa kiwango cha mwisho cha kushambulia. Wapinzani wanarudi nyuma watu kumi na kungoja. Unapiga mashuti ishirini, mengi kutoka mbali, halafu dakika ya 88 wanatoka na kaunta moja. Kwisha. Kisha unasema gemu imekuibia.

Gemu haijakuibia. Mpira ulijifunza hili somo zamani sana: ukitaka kufunga zaidi, mara nyingi unafaa kumrudisha mtu nyuma.

Twende 1925. Kabla ya huo mwaka, mshambuliaji alikuwa ameotea kama hakuna wapinzani watatu kati yake na goli, kipa akiwemo. Sheria ikabadilishwa, wakawa wawili. Mabao yakamwagika. Ligi ya Uingereza, madaraja yote manne pamoja, ilitoka mabao 4,700 msimu mmoja hadi 6,373 msimu uliofuata. Arsenal, ambao walikuwa wamemleta Herbert Chapman tu juzi, walienda Newcastle mwezi wa Oktoba wakachapwa 7-0.

Mchezaji wao Charlie Buchan alikuwa na wazo: beki wa kati, ambaye enzi hizo alicheza kama kiungo, arudi kabisa katikati ya mabeki wawili. Chapman akakubali. Baadaye washambuliaji wawili wa ndani nao wakashushwa kidogo, mmoja wao Alex James, mtu wa pasi. Kwa macho ya haraka utasema hii ni timu ya kujilinda. Lakini msimu wa 1930-31 Arsenal walichukua ligi wakiwa na mabao 127 kwa mechi 42.

Ilikuwaje? Wapinzani walipanda juu wakidhani wameona nafasi. Mpira ukinyakuliwa, James alikuwa amesimama mahali hakuna mtu, na mawinga walikuwa na uwanja mtupu wa kukimbilia. Watu wachache mbele, nafasi kubwa mbele.

Halafu ikaja 25 Novemba 1953, Wembley. Hungaria walikuja na Nándor Hidegkuti akiwa amevaa jezi namba tisa. Kwa Waingereza wa wakati huo, namba tisa ni straika na anakabwa na beki wa kati, basi. Lakini Hidegkuti hakukaa mbele. Alishuka hadi katikati ya uwanja. Sasa Harry Johnston, beki aliyefaa kumkaba, afanye nini? Akimfuata, anaacha shimo ambalo Puskás na Kocsis wanaingia. Akibaki, Hidegkuti anapokea mpira peke yake, anageuka na kuchagua. Mechi iliisha 6-3, na Hidegkuti alifunga matatu.

Miaka 56 baadaye, tarehe 2 Mei 2009, Guardiola alimtoa Messi pembeni akamweka katikati, lakini chini kidogo, na Eto'o akapelekwa winga. Mabeki wa Real Madrid wakakwama na swali lile lile la Johnston. Barcelona wakashinda 6-2 huko huko Bernabéu.

Sasa turudi kwa laptopu yako. Kwa FM24 na zilizotangulia, kila mchezaji unampa jukumu: kushambulia, kusaidia au kulinda. Mwenye kushambulia anapanda mapema na kusimama karibu na mabeki. Ukiwapa watu watano hilo jukumu, wote wanakaa mstari mmoja, wote wamekabwa, na mwenye mpira hana wa kumpa.

Kwa hivyo jaribu hivi. Kwanza, panga watu kwa jozi: mmoja akishuka, mwingine aingie. Straika wako akiwa wa kushuka kama Hidegkuti, lazima kuwe na winga au kiungo wa kukimbilia lile shimo. Bila huyo, umerudisha straika bure, mabeki watakaa tu wakimwangalia. Pili, beki mmoja wa pembeni apande, mwingine abaki ndani karibu na viungo azuie kaunta. Tatu, timu ikikukalia nyuma, shusha kiwango cha kushambulia hatua moja. Pasi zitapunguza haraka, wapinzani watavutika kutoka kidogo, na hapo ndo nafasi inazaliwa.

Na uangalie mechi yenyewe. Championship Manager ilipotoka 1992, kazi ya ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, mechi ilikuwa maandishi tu. Hadi toleo la nne, 2003, ndo watu wakaanza kuona vidoti vikitembea uwanjani. Wewe unaona kila kitu, na bado unabonyeza kasi ya mwisho ili uone matokeo.

Najua kuna watakaosema rahisi ni kupakua mbinu za mtu mwingine. Sawa, utashinda hadi Desemba. Lakini mbinu ni jibu la swali fulani. Wapinzani wakibadilisha swali, wewe umebaki na jibu la wenyewe.

Na hii si mambo ya gemu pekee. Kozi za ukocha zinataka pesa, na wengi wetu mtaani hatutawahi kuketi kwa benchi la timu yoyote. Hii gemu ndo darasa la ukocha tulilo nalo, na kuna vijana wako na macho ya mpira kushinda watu wanaolipwa. Ukiitumia kubonyeza tu, umelitoroka darasa ukiwa ndani.

Leo usiku fungua sevu yako. Toa straika mmoja, weka mtu wa kushuka na mtu wa kuingia, ucheze mechi tano bila kuharakisha. Halafu rudi hapa tubishane.