Mwanasesere Mweupe: Historia ya Matryoshka na Haki ya Mkerezaji

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Miongoni mwa zawadi zinazothibitisha maneno hayo ni mwanasesere wa mbao wa Kirusi aitwaye matryoshka, ambaye ndani yake hukaa mwanasesere mdogo zaidi, na ndani ya huyo mwingine, hadi kumfikia wa mwisho asiyefunguka. Watu wengi humdhania kuwa ni kitu cha kale mno, kilichorithiwa tangu zama zisizojulikana. Sivyo. Umri wake haujatimiza hata karne moja na nusu. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi alivyozaliwa na mikono iliyomlea, kisha tuulize swali linalotuhusu sisi walimu wa lugha na utamaduni: kazi iliyofanywa na watu wawili, haki yake ni ya nani?

Kwanza tulitazame jina. Matryoshka ni namna ya kumwita kwa mapenzi mwanamke aitwaye Matryona, jina lililokuwa la kawaida katika vijiji vya Urusi mwishoni mwa karne ya 19. Asili ya jina hilo hurejeshwa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mama. Basi mwanasesere abebaye wenziwe tumboni alipewa jina lililomstahili.

Alizaliwa Moscow katika miaka ya 1890. Palikuwapo huko karakana iliyoitwa kwa Kirusi jina lenye maana ya Malezi ya Watoto, mali ya Anatoly Mamontov, mchapishaji wa vitabu. Nduguye, Savva Mamontov, alikuwa tajiri aliyewakusanya wasanii katika shamba lake la Abramtsevo, ili ufundi wa wakulima usimezwe na bidhaa za viwandani. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, mkerezaji Vasily Zvyozdochkin ndiye aliyekereza umbo la kwanza, na Sergey Malyutin, mchoraji wa picha za vitabu vya watoto, ndiye aliyelipaka rangi. Walikuwa wanasesere 8. Yule wa nje ni msichana wa kijijini aliyejitanda kitambaa kichwani na kushika jogoo mweusi. Wa mwisho ni kitoto kichanga kilichoviringishwa katika nguo. Seti hiyo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Wanasesere mjini Sergiev Posad. Mwaka 1900 matryoshka alipelekwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris, akapata nishani ya shaba, na tangu hapo wanunuzi wa nchi za nje wakaanza kumtafuta.

Kuhusu chimbuko la wazo lenyewe, wasimulizi hawakubaliani. Wapo wasemao kwamba lilitoka Japani, kwa mfano wa sanamu ya mzee mwenye upara iliyobeba sanamu nyingine ndani yake. Wengine hukumbusha kuwa wakerezaji wa Kirusi walikuwa wamekwisha zoea kutengeneza mayai ya Pasaka ya mbao yaliyoingiana. Yawezekana kwamba mambo yote mawili yalikutana. Utamaduni haupungukiwi heshima kwa kuazima; lugha yetu ya Kiswahili ni shahidi wa hayo.

Sasa tuingie karakanani. Mti utumikao aghalabu ni ule uitwao lipa kwa Kirusi, mti laini wa nchi za baridi. Magogo humenywa maganda, lakini huachiwa mshipi wa ganda huku na huku ili yasipasuke, kisha huanikwa penye hewa kwa muda wa miaka 2 au zaidi. Fundi huanza na mwanasesere mdogo kabisa, kwa kuwa huyo ndiye kipimo cha mwenziwe atakayemfuata. Kwa kila mmoja hukereza kwanza nusu ya chini, halafu ile ya juu, hata zishikane zisichezecheze wala zisikwame. Hutegemea zaidi jicho na vidole vyake kuliko rula. Mafundi wa pwani ya Afrika Mashariki, wanaokereza miguu ya vitanda na viti, watalitambua jambo hili mara moja.

Mwanasesere aliyekwisha kukerezwa lakini bado hajapakwa rangi huitwa na Warusi belyo. Neno hilo lina asili ya weupe, na hutumika pia kwa shuka na nguo za ndani. Hana macho, hana kinywa, hana jina. Hapo ndipo mchoraji ashikapo brashi. Huko Sergiev Posad desturi ilikuwa kumpaka rangi nzito na kumalizia kwa vanishi. Mjini Semyonov hupakwa kwanza wanga wa viazi ili rangi isitapakae, kisha huchorwa shada kubwa la maua kifuani, na sehemu ya mbao huachwa ionekane.

Tangu zamani weupe huo uliwavutia watu kuutia sura waitakayo. Mwaka 1909, ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwandishi Nikolai Gogol, walitengenezwa matryoshka wa wahusika wa hadithi zake. Mwaka 1912, katika kumbukumbu ya vita vya 1812, walichorwa Kutuzov na Napoleon pamoja na majemadari wao. Katika zama za Kisovieti kazi ilihamia kwenye vyama vya ushirika na viwanda, na sura zikaelekea kufanana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 masharti yalipolegezwa, wachoraji waliuza barabarani Arbat, Moscow, wanasesere wa Gorbachev waliowameza viongozi waliomtangulia. Siku hizi wanasesere weupe huuzwa katika nchi nyingi, na mtu humchorea mama yake sura za watoto wake wote, kila mmoja kwa kimo chake.

Zawadi ya namna hiyo haina mfano dukani. Lakini hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mchoraji aghalabu hutia sahihi yake chini ya mwanasesere, mkerezaji hatii. Mpokeaji husifu macho na maua, wala haulizi ni nani aliyefanya kifuniko kikae barabara. Ilhali nusu mbili zisiposhikana, rangi zote ni kazi bure. Katika simulizi za kuzaliwa kwake tumebahatika kulijua jina la Zvyozdochkin. Mamia waliomfuata hatuwajui.

Walimu wenzangu, tunapowafundisha wanafunzi kutengeneza zawadi kwa mikono yao, iwe ya mbao, ya udongo au ya kibuyu, tuwafundishe pia kumtaja aliyetangulia kuishika. Na wajue maneno ya kazi yake: kukereza, kerezo, mkerezaji, patasi. Neno lisipotamkwa hufa, na fundi asiyetajwa husahaulika pamoja nalo. Mgala muue na haki umpe. Sembuse fundi aliyetupa kitu cha kumpa tumpendaye.