Mlio wa Smetana na Wangu

Usiku nikizima redio, nyumba hainyamazi. Kuna mlio mwembamba, kama wa zile televisheni za zamani za mgongo, umekaa upande wa kushoto wa kichwa changu na hautoki. Ulinianza miaka sita iliyopita, siku ya pili ya harusi ya binamu yangu hapa Tanga. Nilikuwa nimekaa mbele ya spika toka magharibi hadi usiku wa manane kwa sababu nilitaka kuiona mikono ya mpiga fidla. Shangazi akaniambia kuna mtu ananisengenya. Nikasubiri amalize. Hajamaliza mpaka leo.

Kelele yenyewe nimeizoea. Kinachouma ni pale udi unapoacha nafasi kabla mwimbaji hajaingia. Ile nafasi ndiyo niliyokuwa naipenda kuliko chochote, na sasa haiko tupu tena.

Basi nikaanza kutafuta wenzangu kwenye historia. Beethoven kila mtu anamjua: Juni 1801, akiwa na miaka 30, alimwandikia rafiki yake daktari, Franz Wegeler, kwamba masikio yanavuma usiku na mchana, na kwamba anawakwepa watu kwa kuona haya kuwaambia kuwa hasikii. Schumann naye, Februari 1854, noti moja ilimng'ang'ania. Kabla mwezi haujaisha akajitupa mto Rhine, akaopolewa, akamalizia maisha kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Schumann simsomi usiku.

Aliyenishika ni Bedřich Smetana, Mcheki. Mwaka 1874 alikuwa na miaka 50 na ndiye aliyeongoza muziki kwenye jumba la opera la Prague. Milio ikamwanza mwaka huo, na ilipofika Oktoba alikuwa hasikii kabisa, masikio yote mawili. Kazi akaiacha. Wanaomwandikia huwa wanakimbilia kwenye ushujaa, na ni kweli kwamba ule muziki wake maarufu kuhusu mto Vltava aliuandika mwishoni mwa mwaka huohuo, akiwa kiziwi. Sawa. Lakini mimi ushujaa haunisaidii saa nane ya usiku.

Kinachonisaidia ni kazi ya 1876, aliyoiita Kutoka Maishani Mwangu: fidla mbili, viola na sello, basi. Alikuwa amehamia kijijini Jabkenice kwa binti yake. Sehemu ya kwanza ni ujana na hamu ya sanaa, ya pili ngoma ya polka, ya tatu mapenzi kwa mke wake wa kwanza, aliyekwisha kufa. Ya nne inaanza kwa furaha ya mtu aliyeipata njia yake, inachezeka kabisa. Halafu inakatika. Vyombo vya chini vinatetemeka, na juu yake fidla ya kwanza inashika noti moja ya mi, ya juu mno, takriban hezi 2,600, na haiachii.

Mara ya kwanza kuisikia nilivua spika za masikioni. Nilidhani ni mimi.

Nilichokuja kukijua baadaye kimenifurahisha zaidi. Mlio uliomtesa Smetana haukuwa ile mi. Alisikia kodi nzima ya la bemoli, juu kabisa, kama filimbi. Kwenye karatasi akachagua noti inayoelewana na muziki wake. Yaani adui aliingizwa ndani, lakini kwa masharti ya mwenye nyumba. Wengine wataona amedanganya; mimi naona hapo ndipo alipofanya kazi ya mtunzi.

Chama kimoja cha muziki kilikikataa kipande hicho, eti hakipigiki. Mwaka 1878 kikapigwa faraghani, na aliyeshika viola alikuwa Dvořák. Mwaka uliofuata kikapigwa hadharani Prague. Mwenyewe hakukisikia hata mara moja, na mwaka 1884 alifia hospitali ya wagonjwa wa akili.

Wataalamu wengi wanaeleza hivi: vinywele vya ndani ya sikio vikifa, ubongo hauletewi sauti ya kutosha, basi unajiongezea, kama fundi mitambo anayepandisha sauti ya maiki iliyokufa mpaka spika zote zinavuma. Wangu nimeupima kwa programu ya simu. Uko juu kuliko ile mi ya Smetana, na hauna kodi wala adabu.

Harusini bado naenda. Nakaa nyuma, vizibo masikioni, na binamu anasema nimezeeka kabla ya siku zangu. Mwezi uliopita mpiga fidla alipanda juu sana, akaishika noti yake na kuivuta, na kwa muda huo nikatafuta mlio wangu nisiuone. Nilivua kizibo kimoja kuhakikisha. Kisha akashusha upinde, watu wakaenda kutunza, na ukarudi palepale.