Wacheza Ugenini: Walinzi wa Mazembe na Kingo Mbili za Ziwa Mweru

Anayesimama Nchelenge jioni na kuelekeza uso magharibi huona jua likizama katika nchi nyingine. Ziwa Mweru ni moja, lakini katikati ya maji yake umepita mpaka uliochorwa kwa mkataba wa mwaka 1894 baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwa mkataba huo kisiwa cha Kilwa kiliangukia upande ambao leo ni Zambia. Mji wa Kilwa, wenye jina hilo hilo, uko ng'ambo, katika Kongo. (Jina hili ni sawa na la Kilwa ya pwani yetu, ila hapa hatulitumii kuwa ushahidi wa jambo lolote.) Upande wa Nchelenge watu husema Kibemba na lugha zilizo jamaa yake. Ng'ambo husikika Kiswahili cha Katanga. Na tangu mwaka 2018, kambi ya wakimbizi ya Mantapala ilipofunguliwa katika wilaya ya Nchelenge, Kiswahili hicho kimevuka maji pamoja na wenyewe.

Si mara ya kwanza kuvuka. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi na ya Waswahili ilifika kwa Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, ikitafuta pembe na shaba. Naye Msiri, aliyetoka Unyamwezi, akajijengea dola yake huko Bunkeya. Baadaye ilikuja migodi. Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, ilihitaji mikono ya kufanya kazi na samaki wa kuilisha mikono hiyo, na vyote viwili vilipatikana Luapula na Mweru. Vijana walikwenda kwa miguu kuandikishwa kazi; samaki walikwenda kwa maboti hadi Kasenga, kisha kwa malori. Miongoni mwa wageni waliojishughulisha na biashara hiyo ya samaki alikuwa Nissim Soriano, Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mwanawe, Moïse Katumbi, alishika uongozi wa klabu ya mpira ya TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 1997. Kwa hiyo tunapoizungumza Mazembe hatujaenda mbali na ziwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kwa kawaida twaieleza kwa upande wake wa furaha: anayecheza mbele ya watu wake hapati hasara. Mara chache huulizwa habari za yule achezaye kusiko kwao. Historia ya Mazembe inatupa jibu, tena jibu lenye uchungu kidogo, kwa sababu klabu hii imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wa namna mbili ambao kumbukumbu huwapita: walinzi, na wageni kutoka Zambia. Aliyekuwa mlinzi na Mzambia pia amepitwa mara mbili.

Tuanze na walinzi. Neno lenyewe lafaa kutazamwa. Viwanjani watu husema beki, na hakuna ubaya. Lakini mlinzi ni pia yule askari wa usiku ambaye, akiifanya kazi yake vema, asubuhi hakuna habari yoyote ya kusimulia. Mfungaji huacha bao, na bao huandikwa pamoja na dakika yake. Mlinzi huacha nini?

Klabu ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, ikaongezewa sifa ya Tout Puissant, yaani mwenye uwezo wote. Na wakati wa Zaire jina la kampuni likaachwa, ikawa Mazembe. Kati ya mwaka 1967 na 1970 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara nne mfululizo. Ile ya 1967 dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana ilimalizika kwa sare mbili, 1–1 na 2–2. Ikaamriwa mechi ya tatu huko Kameruni, Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda Katanga. Mwaka uliofuata Englebert iliifunga Étoile Filante ya Lomé mabao 5–0 nyumbani, kisha ikafungwa 4–1 ugenini, ikalichukua kombe kwa jumla ya 6–4. Fainali mbili zilizofuata ilishindwa. Jina linalotajwa zaidi la siku hizo ni Pierre Kalala, mfungaji wa bao pekee lililoipa Kongo Kombe la Mataifa ya Afrika huko Addis Ababa mwaka 1968. Anastahili. Ila katika klabu ile ile alikuwamo Bwanga Tshimen, mlinzi wa kati, ambaye mwaka 1973 alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika. Mlinzi kupewa heshima hiyo ni jambo la nadra hata leo. Hata hivyo ni wachache sana nje ya Lubumbashi wanaoweza kulitaja jina lake bila kukumbushwa.

Machi 1974 kingo mbili za ziwa zilikutana Kairo. Zambia, iliyokuwa ikishiriki Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, ilifika fainali na kukabiliana na Zaire. Tarehe 12 walitoka 2–2, Brighton Sinyangwe akisawazisha pumzi za mwisho za muda wa nyongeza. Tarehe 14 walirudiana, Zaire ikashinda 2–0. Mabao yote manne ya Zaire aliyafunga Ndaye Mulamba wa Vita Club ya Kinshasa, na dunia ikamkumbuka Ndaye. Lakini nyuma ya Zaire ya mwaka ule alikuwapo mlinda mlango Kazadi Mwamba, na mbele yake Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na huyo Bwanga, wote wanne wa Mazembe. Ukuta wa Zaire ulitoka Lubumbashi.

Miezi mitatu baadaye ukuta huo huo ulikuwa Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, na hapo ndipo ulipopata sifa ambayo haujaweza kuivua. Zaire ilifungwa 2–0 na Scotland, 9–0 na Yugoslavia, 3–0 na Brazil. Kazadi anatajwa kuwa golikipa wa yale mabao tisa. Twaomba msomaji ahesabu pamoja nasi. Katika mechi ya Yugoslavia Kazadi alitolewa uwanjani dakika ya 21, mabao yakiwa matatu, na kocha Blagoje Vidinić, ambaye mwenyewe alikuwa Myugoslavia, akamwingiza Tubilandu Ndimbi. Sita yaliyobaki hayakuingia mikononi mwa Kazadi. Katika mechi zote tatu za mashindano yale alifungwa manane, na si haki kumpa mzigo wa kumi na manne.

Naye Mwepu? Katika mechi ya Brazil mwamuzi alitoa adhabu karibu na lango la Zaire. Wabrazili wakiwa bado wanajipanga, beki wa kulia wa Zaire alichomoka katika ukuta, akaupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote. Akapewa kadi ya manjano. Picha ile imeonyeshwa tena na tena kwa miaka hamsini, mara nyingi pamoja na kicheko, ikidaiwa kuonyesha kwamba Mwafrika yule hakuzijua kanuni za mchezo. Mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika na nchi yake miezi mitatu kabla, asizijue kanuni za adhabu! Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vema. Wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha walizoahidiwa, na baada ya kipigo cha Yugoslavia watu wa Mobutu waliwaonya kwamba wakifungwa na Brazil kwa zaidi ya mabao matatu hawatarudi kwao. Walifungwa matatu. Mwepu alifariki mwaka 2015, na habari za kifo chake zilianza na mkwaju ule.

Hatudai kwamba alikuwa malaika. Katika mechi ya Yugoslavia teke alilopigwa mwamuzi lilikuwa lake, na aliyetolewa nje kwa makosa akawa Ndaye. Lakini mchezaji asipimwe kwa sekunde tatu.

Sasa tuvuke maji. Mazembe ilipofufuka baada ya mwaka 2000, fedha za Katumbi zilivuta wachezaji kutoka nchi jirani, na zaidi kutoka Zambia. Njia hii haikuwa mpya; ilikuwa ni ile ile ya babu zao waliokwenda migodini, ila sasa wenye kulipwa vizuri. Desemba 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Pachuca ya Meksiko 1–0 na Internacional ya Brazil 2–0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, ambako Inter ya Milan iliishinda 3–0. Watoto walijifunza kumwiga golikipa Muteba Kidiaba akikaa chini na kurukaruka kwa furaha. Given Singuluma wa Zambia aliianza fainali hiyo katika safu ya mbele, na huko kwao ushujaa wake ulikuwa wa Wakongo.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Daftari la Kongo huandika Wakongo. Daftari la Zambia huandika mechi za timu ya taifa. Mzambia aliyecheza Lubumbashi huangukia katikati, kama mtumbwi uliofunguka kamba.

Tumchukue Hichani Himoonde. Tarehe 12 Februari 2012, mjini Libreville, katika nchi ambayo pwani yake ndege ya timu ya Zambia ilianguka mwaka 1993 na kuwaua wote waliokuwamo, Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuishinda Kodivaa kwa penalti 8–7. Katika mechi mbili za mwanzo za mashindano Zambia ilifungwa mabao matatu, moja na Senegal na mawili na Libya. Baada ya hapo ilicheza na Guinea ya Ikweta, Sudan, Ghana na Kodivaa bila kufungwa bao hata moja, ikiwa ni pamoja na dakika 120 za fainali. Waliosimama katikati ya ngome usiku ule walikuwa Himoonde na Stoppila Sunzu, na wote wawili walikuwa wa Mazembe. Mbele yao alikuwapo Didier Drogba. Ni kweli Drogba alikosa penalti dakika ya 70, na bahati ilikuwapo. Lakini mechi nne bila bao si bahati.

Sunzu anakumbukwa, kwa sababu ndiye aliyepiga penalti ya mwisho. Himoonde hakupiga penalti. Tunaamini kwamba laiti angepiga moja tu, hata akakosa, jina lake lingekuwa midomoni zaidi kuliko lilivyo kwa kazi yote ile.

Kukosa alikosa Rainford Kalaba, mzaliwa wa Kitwe, naye pia wa Mazembe. Penalti yake ilipaa juu ya mwamba. Wapo wasiomjua ila kwa hilo. Wamwulize mtu yeyote wa Kamalondo, mtaa wenye uwanja wa Mazembe. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2015 dhidi ya USM Alger, bao la kwanza huko Algiers lilikuwa la Kalaba. Sisi wa Afrika Mashariki twaikumbuka fainali ile kwa Mbwana Samatta, aliyefunga katika mechi zote mbili, na fahari yetu ni halali. Lakini tumeisimulia kana kwamba Samatta alikuwa peke yake. Kalaba alidumu Lubumbashi miaka mingi, akapewa unahodha.

Pembeni ya uwanja, mwaka 2017, alikuwapo Pamphile Mihayo Kazembe. Alikuwa kiungo wa Mazembe katika fainali ile ya Abu Dhabi, mmoja wa wale wapokonyao mpira na kumpa mwenzao aliye huru, kisha akawa kocha. Jina lake la Kazembe ni lile lile la wafalme wa Luapula. Mwaka huo Mazembe ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na SuperSport United ya Afrika Kusini. Lubumbashi ilishinda 2–1, ushindi mwembamba usioruhusu usingizi, kwa kuwa bao moja tu la wenyeji kule Pretoria lingeligeuza kombe. Tarehe 25 Novemba walirudiana. Mechi ikaisha 0–0, na kombe likapanda ndege kwenda Katanga bila jina la mfungaji yeyote.