Mwana wa Mhunzi Asiposana: Kisu katika Historia ya Maziwa Makuu

Methali isemayo "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta" imo katika vitabu vingi vya methali, na karibu kila mwaka wanafunzi wetu hujikwaa palepale. Neno sana wanalijua kuwa ni kielezi: mbali sana, vizuri sana. Sasa wanalikuta limevaa viambishi vya kitenzi, a-si-po-sana, na wanashangaa. Vukuta ndilo halijulikani kabisa. Mwalimu hueleza upesi kwamba kusana ni kufua chuma na kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto, kisha hukimbilia funzo la methali: mtoto hufuata kazi ya mzazi. Mhunzi mwenyewe huachwa nje ya darasa. Makala haya yanamwita aingie, kwani kwa mwanafunzi wa Uganda na wa nchi jirani msamiati wa uhunzi si mgeni kama tunavyoufanya.

Tuanze na nyundo. Mganda husema ennyondo, Mnyarwanda na Mrundi husema inyundo. Chuma ni ekyuma kwa Kiganda na icyuma kwa Kinyarwanda. Tena huko Rwanda icyuma ni kisu pia, jambo linalotukumbusha kwamba kwa mtu wa nyumbani chuma kilijulikana kwanza kwa makali yake. Kuvukuta kwetu ni kuvuguta kwao. Hata kufua chuma na gucura, ambayo sikioni ni mbalimbali, wanaisimu huyarudisha kwenye mzizi mmoja wa kale wa Kibantu. Pierre de Maret na F. Nsuka walichapisha uchunguzi wa maneno ya namna hii mwaka 1977, wakitafuta historia ya uhunzi ndani ya lugha zenyewe. Na fuawe, lile pande ambalo chuma hupondewa juu yake? Mimi husikia humo fua na jiwe, na sioni ajabu, kwa kuwa wahunzi wengi wa kale walifulia juu ya jiwe.

Historia ya ardhini inaunga mkono historia ya maneno. Katika Buhaya, Rwanda na Burundi wanaakiolojia wamefukua mabaki ya matanuri yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, ambao kazi ya kuyeyusha mawe ya chuma ilikuwa imekoma tangu ujana wao, walijenga tanuri upya kwa kumbukumbu, mbele ya Peter Schmidt na wenzake. Walichimba shimo, wakachoma humo majani ya kinamasi, wakapanga mirija ya udongo na kuvukuta kwa mivukuto ya ngozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 yakisema kwamba kilichotoka kilikuwa na chuma cha pua ndani yake. Wataalamu wengine walibishia maelezo ya jinsi hewa ilivyopata joto ndani ya mirija. Kwamba wazee walitoa chuma, hilo halina ubishi.

Bunyoro ilisifika kwa majembe yake, yaliyouzwa hadi Buganda. Samuel Baker, aliyefika huko mwaka 1864, hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika ovyo, lakini wahunzi wa Bunyoro aliwakubali. Aliona wanatumia nyundo za chuma badala ya mawe, na kwamba walijua kuvuta waya mwembamba kutokana na waya mnene wa shaba uliotoka Zanzibar. Kwa hiyo kabla mzungu huyo hajafika, bidhaa ya pwani ilikwisha kufika kiwandani mwa mhunzi wa bara.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, majembe na mapanga ya kiwandani kutoka ng'ambo yalizidi kuingia kwa bei nafuu. Kuyeyusha mawe kukafa. Kufua hakukufa. Mhunzi alihamia kwenye vyuma chakavu, na hadi leo ukienda Katwe jijini Kampala utasikia nyundo kuanzia asubuhi. Anayefua visu nyumbani hutafuta springi ya lori, wala hapendi nondo. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo mno. Utainoa asubuhi na jioni itakuwa butu. Springi ina kaboni ya kutosha kushika makali. Huikata, huipasha moto wa makaa hadi iive wekundu, huiponda juu ya kipande cha reli ambacho ndicho fuawe yake, na kuirudisha motoni kila inapopoa. Kisu cha kumenyea matoke hupondwa hadi kikawa chembamba. Cha mwindaji, cha kuchunia na kukatia viungo, huachiwa mgongo mnene. Tupa hufuata, kusawazisha bapa.

Hapo ndipo pagumu. Kisu hupashwa tena moto, karibu nyuzi 800, ambapo sumaku haikishiki tena, kisha huzamishwa kwenye mafuta au maji. Sasa ni kigumu kupita kiasi na kikianguka huweza kuvunjika kama kigae. Lazima kirudishwe kwenye joto la chini, nyuzi 200 hivi, mpaka bapa lililosuguliwa lichukue rangi ya majani makavu. Mhunzi asiye na kipimajoto husoma rangi hiyo kwa jicho. Mwisho mkia wa kisu huchomwa motoni na kusukumizwa ndani ya mpini wa mti, ukajichimbia tundu wenyewe.

Makaa na maji ndiyo kiini cha hadithi ya Kiganda ya Walukaga. Mfalme alimwamuru mhunzi huyo afue mtu wa chuma mwenye uhai. Walukaga, kwa shauri la rafiki yake aliyepatwa na wazimu, alijibu kwamba kazi hiyo inahitaji makaa ya nywele za watu, mizigo elfu moja, na maji ya machozi, mitungi mia. Havikupatikana, na amri ikafutwa. Tunaisimulia kama hadithi ya werevu. Lakini angalia alichoomba: moto wa kupashia na maji ya kuzimishia. Aliyeitunga alikuwa amewahi kukaa karibu na mivukuto.

Limebaki jambia. Kwa Kiswahili ni kisu kilichopinda cha kuvaliwa kiunoni, na asili yake ni Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya ubavu. Kwa Kiganda ejjambiya ni panga la shambani. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika katika kasri la Kabaka Suna wa Pili katika miaka ya 1840, na bila shaka waliotazama viuno vyao waliliokota neno, wakalipa kazi nyingine. Mwanafunzi wangu anapoandika kwamba baba alifyeka migomba kwa jambia, namwekea alama ya kosa. Kisha namwomba aliandike ubaoni, ili wenzake waone lilikotoka.