Kibiti na Delta ya Rufiji: Ardhi ya Mto ni Haki ya Nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Mji wa Kibiti upo mkoani Pwani, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Ulikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji, yenye makao yake Utete, hadi ilipoundwa Wilaya ya Kibiti katikati ya miaka ya 2010. Upande wa mashariki, mto Rufiji hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Hapo pana mikoko takriban hekta 50,000, msitu mkubwa wa aina hiyo katika Afrika Mashariki. Wakazi wake, wengi wao Waislamu, hulima mpunga na kuvua.

Kwa karne nyingi boriti za huko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni. Mwaka 1898 Wajerumani waliifanya mikoko kuwa hifadhi ya serikali. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, walimnyonga Kinjikitile Ngwale huko Mohoro. Mwaka 1915 manowari yao Königsberg ikaangamia ndani ya delta. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, wakulima walihamishwa kutoka bondeni kupelekwa vijiji vipya.

Ndugu msomaji, je, mkulima aliyefyeka pori la delta ana haki gani? Kwa Imam Shafi'i, mwenye kuhuisha ardhi mfu huimiliki hata bila idhini ya mtawala; Imam Abu Hanifa ameshurutisha idhini. Lakini kingo za mto na vinavyohitajiwa na watu wote havihuishwi. Mtawala naye anaruhusiwa kuweka hima, yaani hifadhi, kwa maslahi ya umma, mradi asiwadhiki watu.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alimwagiza msimamizi wa hima amruhusu mwenye wanyama wachache aingie, na asiwatangulize matajiri kama Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.). Basi hifadhi ya mikoko ina msingi katika sheria, kwani huzuia bahari na huhifadhi mazalia ya samaki. Ila ikimfukuza maskini na kumwachia mfanyabiashara wa magogo, imetoka katika mwendo wa Umar. Maimamu wa Kibiti wawafunze waumini yote mawili: wasiharibu msitu, na wasinyamazie dhulma.

Wallahu a'alam.