Chaza wakubwa: Namna ya kuwatunza wakaishi katika tangi la matumbawe nyumbani

Na Mwandishi Wetu

CHAZA mkubwa ni miongoni mwa viumbe wanaopendwa sana na watu wanaofuga matumbawe majumbani. Midomo yake yenye rangi ya buluu, kijani, zambarau na dhahabu humfanya mgeni asimame mbele ya tangi na kuuliza kama ni ua au ni mnyama. Hata hivyo, ni kiumbe anayewaponyoka wengi. Halii wala hakimbii, na mara nyingi mwenye tangi hugundua kuwa ana njaa wakati njaa hiyo imekwisha kummaliza.

Jamii ya chaza hawa, ambao kisayansi huitwa Tridacna, si wageni kwa wakazi wa pwani yetu. Aina mbili, Tridacna maxima na Tridacna squamosa, zinapatikana kuanzia Bahari ya Shamu, kupitia miamba ya Kenya na Tanzania, hadi visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Aliyetembea mwambani wakati wa maji ya bamvua, au aliyezamia kwa miwani ya majini, huenda amekwisha kuwaona wakiwa wamejikita katikati ya matumbawe na kujifunga ghafla kivuli kinapowapitia.

Aliye mkubwa kuliko wote ni Tridacna gigas, ambaye gamba lake huzidi urefu wa mita moja na uzito wake kupita kilo 200. Huyu hapatikani katika pwani ya Afrika Mashariki. Makazi yake ni Kusini-Mashariki mwa Asia na Pasifiki. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwa sababu hiyo, suala la kumtunza chaza nyumbani haliishii kwenye kioo cha tangi.

Mnyama anayelima mwani mwilini

Ili kuelewa mahitaji ya chaza huyu, ni lazima kwanza kuelewa anavyokula. Kama ndugu zake wengine wenye magamba mawili, huvuta maji na kuchuja chembe ndogo za chakula. Lakini sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na vimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wake, katika vijirija vinavyoanzia tumboni na kutandaa katika nyama laini ya pembeni, ile yenye rangi, ambayo huchomoza nje ya gamba.

Vimwani hivyo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na chaza hupata sehemu ya mavuno hayo. Yeye naye huvipa makazi pamoja na taka za mwili wake, ambazo kwao ni mbolea. Uhusiano huo ulichunguzwa kwa kina na mwanabiolojia wa Uingereza, Maurice Yonge, aliyeongoza msafara wa utafiti katika Mwamba Mkuu wa Australia mwaka 1928 na 1929.

Hata rangi zake zina kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa seli zinazong'aa katika nyama hiyo husambaza mwanga hadi kwa vimwani vilivyo ndani zaidi, na kurudisha nje mwanga usiohitajika.

Fundisho kwa mfugaji ni dhahiri. Chaza anayewekwa penye mwanga hafifu ananyimwa chakula, hata kama mwenye tangi anamwagia chakula cha chupa kila siku. Kwa kuwa ana akiba mwilini, anaweza kuonekana mzima kwa wiki au miezi kadhaa huku akikonda ndani ya gamba.

Maji yasiyoyumba

Tangi jipya si mahali pa chaza. Inashauriwa lisubiriwe kwa miezi sita hadi mwaka mmoja, ili bakteria wanaosafisha taka wawe wamekwisha kujijenga na vipimo vya maji viwe vimetulia. Tangi la lita 200 au zaidi ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kwa kuwa maji mengi hayabadiliki upesi.

Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, tatizo huwa ni kupoza maji, si kuyapasha. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, lakini huongeza uvukizi, na maji yanapopungua chumvi huzidi. Kinachovukizwa ni maji pekee, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji yasiyo na chumvi. Kiwango cha chumvi kinachotakiwa ni takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kama ilivyo baharini.

Maji ya bomba yasitumiwe yalivyo, kwa sababu ya klorini na mabaki ya madini. Yapitishwe kwanza katika mashine ya kuchuja inayoondoa karibu madini yote, kisha yachanganywe na chumvi iliyotengenezwa mahsusi kwa matangi ya bahari. Chumvi ya jikoni haifai.

Kwa kuwa gamba hujengwa kwa chokaa, kalsiamu inapaswa kuwa kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu kati ya 1,250 na 1,350, na alkali kati ya 8 na 10 kwa kipimo kinachoandikwa dKH. Chaza anayekua hufyonza madini hayo kila siku, hivyo vipimo vichukuliwe kila wiki na upungufu urekebishwe kidogo kidogo. Kurekebisha yote kwa mkupuo mmoja kunaweza kuleta madhara kuliko upungufu wenyewe.

Amonia isionekane kabisa katika vipimo. Naitreti kidogo haina ubaya, kwani vimwani huihitaji. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi huweza kumfanya chaza apauke. Dawa za samaki zenye shaba zisiwekwe kamwe katika tangi lenye chaza, kwa sababu shaba ni sumu kwake. Samaki mgonjwa atibiwe katika tangi lingine.

Mwanga na mahali pa kumweka

Aina za chaza hazilingani kwa mahitaji. Tridacna crocea na Tridacna maxima huishi penye maji ya kina kifupi na jua kali, hivyo huhitaji taa zenye nguvu zaidi. Tridacna squamosa na Tridacna derasa huvumilia mwanga wa wastani, na derasa hasa ndiye anayependekezwa kwa anayeanza. Lakini mnunuzi ajue kuwa derasa anaweza kufikia nusu mita na zaidi, wakati crocea kwa kawaida haizidi sentimita 15.

Taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya matumbawe zinatosha ikiwa zina nguvu na zinasambaza mwanga vizuri. Chaza mgeni asiwekwe moja kwa moja chini ya taa kali. Aanzishwe chini au pembeni, au nguvu ya taa ipunguzwe, kisha iongezwe taratibu kwa wiki kadhaa.

Crocea na maxima hupenda kushika mwamba. Squamosa na derasa wanaweza kukaa juu ya mchanga, wengine wakiwekewa jiwe bapa chini yao. Chaza hujishikiza kwa nyuzi zinazotoka katika uwazi ulio chini ya gamba. Aliyekwisha kujishika asing'olewe kwa nguvu. Kiungo kinachotoa nyuzi hizo kikichanika, jeraha hilo linaweza kumuua. Njia salama ni kumhamisha pamoja na jiwe lake, au kuzikata nyuzi kwa uangalifu karibu na jiwe.

Akilazimika kutolewa majini, akirudishwa ageuzwe taratibu ili hewa iliyonaswa ndani ya gamba itoke. Aidha, asiwekwe mbele ya pampu inayompulizia maji kwa nguvu, kwa kuwa atakunja nyama yake na kukosa mwanga.

Kumchagua dukani na kumlinda nyumbani

Dukani, mnunuzi apitishe mkono juu ya tangi. Chaza mwenye afya hushtuka na kujikunja mara moja. Nyama yake iwe imetandazwa kuvuka ukingo wa gamba, bila mabaka meupe, na tundu la kuvutia maji lisiwe limeachama. Ukingo wa gamba ukiwa na mstari mweupe safi, hiyo ni ishara kuwa anakua. Walio chini ya sentimita 5 ni dhaifu zaidi, na wafugaji wengi huwaongezea vimwani vya chupa kama chakula.

Kabla ya kumwingiza tangini, gamba lisuguliwe kwa mswaki laini na uwazi wa chini ukaguliwe. Adui anayejulikana sana ni konokono mweupe mdogo kama punje ya mchele, anayemfyonza chaza usiku na mchana kujificha. Konokono hawa huzaliana haraka, hivyo ukaguzi wa usiku kwa tochi urudiwe kwa wiki kadhaa, na waondolewe pamoja na mayai yao.

Samaki nao wachaguliwe kwa busara. Kitatange, kikande na bunju wana tabia ya kudonoa nyama ya chaza. Anayedonolewa mara kwa mara hukaa amejifunga, na aliyejifunga hapati mwanga.

Umeme ukikatika, tishio la kwanza kwa tangi ni ukosefu wa hewa, kisha joto. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha kuwa nacho ndani ya nyumba kabla ya kufikiria kununua chaza.

Dalili za hatari ni kuachama, kuchelewa kushtuka, nyama kurudi ndani ya gamba mchana na rangi kupauka. Zikionekana, vipimo vya maji vichukuliwe siku hiyo hiyo, kisha wakaguliwe konokono na tabia za samaki. Akifa, aondolewe mara moja, kwa sababu mzoga wake huchafua maji na unaweza kuua viumbe wengine tangini.

Ametoka wapi?

Swali hili ndilo la msingi. Chaza hawa huzaliana kwa kumwaga mbegu na mayai baharini. Huanza maisha ya utu uzima wakiwa madume, kisha huwa na jinsi zote mbili. Chaza gigas mmoja anaweza kutoa mamia ya mamilioni ya mayai, lakini yakimwagwa mahali ambapo jirani yupo mbali, hayarutubishwi. Ndiyo maana mwamba ambao chaza wake wameokotwa hadi kubaki wachache unaweza kushindwa kujirudia, hata kama hao wachache hawaguswi tena.

Kutokana na hatari hiyo, biashara ya chaza wa jamii hii baina ya nchi husimamiwa na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, tangu miaka ya 1980. Tanzania na Kenya ni wanachama. Kuvusha mpakani chaza hai kunahitaji kibali, na hata gamba lake lililonunuliwa kama pambo linaweza kuhitaji kibali.

Njia mbadala ipo. Katika miaka ya 1980, kituo kilichopo Palau, katika Pasifiki, kilionyesha kuwa chaza wanaweza kuzalishwa kwa wingi katika mabwawa ya nchi kavu. Mashamba ya aina hiyo yalienea katika visiwa vingine, na huko ndiko wanakotoka wengi wa derasa wanaouzwa kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Chaza wa shambani amekwisha kuzoea kufugwa, na kumnunua hakupunguzi mwamba wowote. Mnunuzi anayo haki ya kumuuliza muuzaji kibali na shamba alikotoka. Muuzaji asiyeweza kujibu asipewe fedha.

Kwa mwenye tangi changa, taa hafifu au asiye na muda wa kupima maji kila wiki, ushauri ni kusubiri. Na kwa anayetamani tu kumwona kiumbe huyu, miamba iliyohifadhiwa ya Chumbe na Mafia nchini Tanzania, na Kisite-Mpunguti nchini Kenya, ipo wazi kwa wageni. Huko chaza huyatandaza mavazi yake juani bila taa wala pampu, na anayemtazama hana deni naye ila kutomgusa.