Mbio za magari, Kenya: ngazi na ubingwa

Mbio za magari nchini Kenya hufanyika zaidi kwenye barabara za vumbi na matope. Mojawapo ni Safari Rally, iliyoanza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yalikuwa ya kawaida, ya dukani, nayo yaligawanywa kwa bei, si kwa ukubwa wa injini. Kanuni hiyo ilikuwa ya haki: mwenye gari la bei nafuu alishindana na wenzake.

Ngazi ya chini ni ubingwa wa taifa, wenye madaraja kulingana na aina ya gari. Juu yake upo ubingwa wa Afrika, ulioanza 1981. Wakenya Manvir Baryan, Carl Tundo na Karan Patel wamewahi kuutwaa. Kileleni ni ubingwa wa dunia. Safari iliingia humo 1973, ikatoka baada ya 2002, ikarejea 2021 Naivasha. Mwaka 2022 dereva Mkenya Maxine Wahome alishinda hapo WRC3, mojawapo ya madaraja ya ubingwa huo.

Kwa miaka mingi Safari ilifanyika Pasaka, masika yakianza. Udongo ukilowa huteleza, magurudumu huzunguka bure, na mara nyingi wanakijiji ndio waliosukuma magari yaliyokwama. Katika hali hizo dereva Joginder Singh alishinda Safari mara 3, na mwenzake Shekhar Mehta mara 5.